Kilo 44

Chukua kilo 100 za jiwe la chokaa lililo safi, uliweke kwenye moto unaokaribia nyuzi 900 za Selsiasi, kisha ungoje. Moto ukizimika, mizani itakuonyesha kilo 56. Kilo 44 zimekwenda, na hakuna aliyeziona zikiondoka. Hazikugeuka majivu. Kilichobaki kina umbo lilelile la jiwe, ila weupe umezidi, na ukikiinua kwa koleo ni chepesi kuliko ulivyotarajia. Kimwagie maji baridi usogee pembeni: kitanguruma, kitatoa mvuke, kitapasuka na kumomonyoka kuwa unga, na maji yatachemka bila kuni.

Matumbawe ya pwani yetu, kuanzia Mogadishu hadi Kilwa na kuendelea kusini, kwa sehemu kubwa ni jiwe hilohilo: kalsiamu kaboneti. Waashi wa pwani waliyachoma, wakayazima kwa maji na kuyajengea misikiti na majumba, mamia ya miaka kabla mtu yeyote, popote duniani, hajaweza kueleza zile kilo 44 zimekwenda wapi.

Mimi nasoma historia, shahada ya uzamili, na nimeifikia kemia kwa mlango wa uani. Nilikuwa natafuta habari za waashi. Nikakuta masultani wana majina, wafanyabiashara wana majina, hata wasafiri waliokaa wiki chache wana majina na vitabu, lakini waliochoma chokaa hawana hata mstari. Kilichobaki chao ni chokaa yenyewe. Basi ikabidi nijifunze kuisoma.

Shuleni tulifundishwa kwamba maada hubadilika kwa namna mbili. Kuna mabadiliko ya kiumbo: barafu inayeyuka, maji yanaganda, chumvi inayeyuka kwenye maji na kubaki tena ukiyakausha. Kitu ni kilekile, kimevaa nguo nyingine. Kuna na mabadiliko ya kikemikali: karatasi inaungua, chuma kinashika kutu, na hapo kitu kipya kinazaliwa. Chini ya hayo tuliandika kwa wino mwekundu kwamba mabadiliko ya namna ya pili hayarudi nyuma. Kanuni hiyo inafaa kwenye chumba cha mtihani. Mbele ya ukuta wa Kilwa haifai kitu.

Tuanze na tanuu. Neno hili, ambalo wengine hutamka tanuru, kwa wachoma chokaa wa pwani halikuwa lazima liwe jengo. Lilikuwa rundo. Magogo yalipangwa kwa duara, tabaka juu ya tabaka, katikati pakiachwa tundu la kupitishia moto, na juu ya magogo vikamwagwa vipande vya matumbawe vilivyovunjwavunjwa. Moto uliwashwa kupitia lile tundu. Rundo liliwaka mchana na usiku, likizama taratibu kadiri kuni zilivyoteketea, hadi mawe yakajikuta yamelala juu ya majivu, meupe, yamechoka. Hakukuwa na kipimajoto. Kulikuwa na rangi ya moto, na wingi wa kuni, na upepo. Moto ukiwa hafifu, moyo wa jiwe unabaki mbichi, na jiwe bichi haliitiki maji. Ukizidi mno, chokaa inaungua kupita kiasi na kuwa nzito kuamka; huzimika pole pole, wakati mwingine ikiwa tayari ukutani, na kuipasua lipu miezi kadhaa baadaye. Kati ya kasoro hizo mbili kuna nafasi ambayo mtu huifahamu kwa kuchoma mara nyingi, pembeni ya mtu aliyechoma mara nyingi zaidi.

Baada ya moto yalikuja maji. Kilo zetu 56 hunywa kilo 18 za maji na kuwa 74, na joto linalotoka katika ndoa hiyo ndilo linalochemsha maji bila moto. Kwa desturi lundo liliachwa litulie kwa miezi, likinyeshewa na kufunikwa, mpaka chembe zote zizimike. Mjenzi mwenye haraka hakuwa na kazi hapa. Chokaa iliyolala vizuri ni laini kama siagi, hunata kwenye mwiko na haina punje zinazokwaruza.

Kisha ikachanganywa na mchanga, ikapakwa kati ya mawe, na hapo ndipo kanuni ya daftari inapovunjika. Chokaa haikauki kama udongo unavyokauka, yaani kwa kupoteza maji tu. Inavuta hewa. Ile hewa ya ukaa iliyofukuzwa kwenye tanuu inatafutwa tena, chembe kwa chembe, kutoka kwenye upepo wa bahari, kutoka kwenye moshi wa jikoni, kutoka kwenye pumzi za watu waliomo chumbani. Kilo 18 za maji zinatoka, kilo 44 za hewa zinaingia, na mwisho wa hesabu mizani inasoma 100. Jiwe limerudi kuwa jiwe. Tofauti ni kwamba sasa limekaa pale mwashi alipotaka likae, kwa umbo alilolipa.

Msikiti, kwa hiyo, umeshikamana kwa sehemu fulani na pumzi za waliosali ndani yake. Nimeliandika hilo nikijua linasikika kama ushairi. Ni kemia ya kawaida tu.

Ujuzi huu haukushuka pwani siku moja ukiwa kamili. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, mwanaakiolojia Mark Horton alichimba katika miaka ya 1980 chini ya magofu ya msikiti wa mawe na kukuta misikiti mingine chini yake, mmoja juu ya mwingine, na ya zamani zaidi ikiwa ya miti. Yaani watu walewale, mahali palepale, walianza na miti, na jiwe likaja baadaye. Jambo hili lina uzito kwa sababu kwa miaka mingi wasomi wa zama za ukoloni waliyatazama magofu ya pwani na kuona kazi ya wageni: jiwe na chokaa, walidhani, lazima vilishuka kutoka majahazini pamoja na Waarabu au Waajemi. Mawasiliano ya baharini yalikuwepo, na sina haja ya kuyapunguza. Dini, maandishi na mitindo vilisafiri. Lakini tabaka za Shanga zinaonyesha mji unaojifunza nyenzo zake mwenyewe kizazi baada ya kizazi.

Walijifunza pia kwamba tumbawe si moja. Kuna lile linalokatwa chini ya maji likiwa bado hai, aina ambayo wanasayansi huiita Porites. Likitoka baharini ni laini kiasi cha kuchongwa kwa shoka dogo, na likikaa juani linakuwa gumu. Hilo lilitumika kwa kazi za macho: vibla, fremu za milango, zidaka. Na kuna lile la nchi kavu, mwamba wa matumbawe ya kale yaliyoachwa na bahari, gumu na lenye matundu, linalochimbwa na kuvunjwa ovyo ovyo. Hilo lilijaza kuta nene. Lilihitaji chokaa nyingi, kwa sababu mawe yasiyo na umbo hayakai yenyewe. Yanakaa kwa hisani ya kile kilicho katikati yake.

Kilwa ndiko chokaa ilikopata nafasi ya kujionyesha. Mwanzoni mwa karne ya 14, kwa utajiri wa dhahabu iliyopitia Sofala, Sultani al-Hasan ibn Sulaiman alijenga Husuni Kubwa juu ya jabali linaloitazama bahari: vyumba zaidi ya 100, nyua, na birika la kuogea lenye pembe nane. Msikiti Mkuu ulipanuliwa na kufunikwa kwa matao na kuba. Katika nyumba ya kawaida ya mawe, upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti ya mkoko, ndiyo maana vyumba vya zamani vya pwani ni virefu na vyembamba. Kuba halihitaji boriti. Kuba ni vipande vya matumbawe ndani ya chokaa nzito, vikishikiliwa na umbo lake na ule ugumu unaokuja polepole, huku mjenzi akiwa ametoa mbao za chini na kuomba Mungu. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, na katika kitabu chake anauzungumzia mji wa majengo ya miti. Labda macho yake yalikuwa kwa sultani na ukarimu wake, na labda pia mji wa watu wengi ulikuwa kweli wa miti na nyasi, huku jiwe likiwa la wachache. Hili la pili nalipa uzito zaidi. Chokaa ilikuwa ghali: tanuu moja ilimeza miti mingi.

Sasa niruke hadi Edinburgh, kwa sababu huko ndiko kilo 44 zilikopatikana. Mwaka 1754 mwanafunzi wa udaktari mwenye umri wa miaka 26, Joseph Black, aliwasilisha tasnifu yake. Wakati ule maji ya chokaa yalitumiwa kama dawa ya mawe ya kibofu, na maprofesa wawili wa chuo chake walikuwa wanabishana kuhusu chokaa ipi ni bora, ya jiwe au ya magamba ya chaza. Black, kama mwanafunzi yeyote mwenye akili timamu, hakutaka kuingia kati ya wakubwa wawili, akachagua kuchunguza kitu kingine cheupe, magnesia. Ila magnesia ilimrudisha kwenye chokaa, na mwaka 1756 alichapisha majaribio yake yote.

Wasomi wengi wa enzi hiyo waliamini kwamba ukali wa chokaa iliyochomwa unatoka motoni: kwamba jiwe likiwa tanuuni hunywa chembe za moto, na chembe hizo ndizo zinazounguza ngozi na kuchemsha maji. Maelezo hayo yana mvuto. Hata mimi, ningekuwa nimesimama mbele ya ndoo ile inayonguruma bila kujua lolote, ningesema moto umefichwa ndani. Black alifanya jambo la kawaida kabisa: alipima uzito. Kama jiwe limekunywa kitu, liwe zito zaidi. Lilikuwa jepesi. Jiwe halikuongezewa kitu, limepokonywa. Kilichotoka kilikuwa hewa, lakini si hewa hii ya kawaida, na Black aliweza kuirudisha na kulipata jiwe lake karibu kwa uzito uleule. Baadaye alionyesha kwamba ni hewa hiyohiyo tunayoitoa mapafuni. Kila mwanafunzi wa sekondari aliyewahi kupuliza kwa mrija kwenye maji ya chokaa na kuyaona yakigeuka meupe kama maziwa amerudia jaribio la mtu huyu, na ametengeneza kipande kidogo sana cha ukuta.

Sisemi kwamba waashi wa Kilwa walikuwa wameshagundua alichogundua Black. Kusema hivyo ni kuwavika koti lisilo lao. Walijua vitu vingine: kwamba jiwe lililoiva vizuri ni jepesi, kwamba chokaa changa huharibu lipu, kwamba ukuta mpya usiachwe ukaungua na jua kabla haujashika. Alijua yule kwa nini. Walijua hawa namna gani, na kwa muda gani, na kwa kuni zipi. Kinachoniudhi ni kwamba ujuzi wa kwanza tumeuandalia madarasa na mitihani, na wa pili tumeuacha ufe na wazee.

Ujuzi huo haukukaa matanuuni tu. Bibi yangu mzaa mama, mtu wa Pangani, alikuwa na kikopo chake cha chokaa ya tambuu, na alikuwa akiupaka mraba mwembamba kwenye jani kwa ncha ya kidole, asizidishe. Ukizidisha, kinywa kinachubuka. Rangi nyekundu inayotokea mtu akitafuna haimo kwenye jani, haimo kwenye popoo, wala haimo kwenye chokaa, inazaliwa vikikutana. Hayo ni mabadiliko ya kikemikali yaliyokuwa yakifanyika barazani kila jioni, na kipimo chake kilikuwa ukucha.

Vilevile sipendi kuiremba kazi hii. Mji Mkongwe wa Zanzibar kama tunavyouona leo ni zaidi kazi ya karne ya 19, na katika karne hiyo mawe na chokaa vilibebwa kichwani na watu waliokuwa watumwa, wakiwemo wanawake. Chokaa ambayo haijatulia huunguza macho na kuchubua viganja na mabega. Tunapozisifu kuta zile nene na ubaridi wake, tunasifu pia uchungu wa watu ambao hakuna aliyewauliza majina.

Saruji iliingia kwa jina la maendeleo. Joseph Aspdin, fundi matofali wa Leeds, aliipatia hataza saruji aliyoiita ya Portland mwaka 1824. Ya leo huchomwa kwa nyuzi zipatazo 1,450, na hukomaa kwa maji, hata ikiwa imezamishwa ndani yake. Haingoji upepo. Kiwanda cha Bamburi, karibu na Mombasa, kilianza kazi mwaka 1954, na cha Wazo Hill, Dar es Salaam, mwaka 1966. Bamburi walichimba mwamba wa matumbawe ya kale: jiwe lilelile la babu zetu, lililopelekwa kwenye moto mwingine. Sina ugomvi na saruji. Shule niliyosoma ni ya saruji, daraja ninalovuka ni la saruji. Ugomvi unaanza inapopakwa juu ya chokaa.

Ukuta wa matumbawe hunywa maji. Unayavuta kutoka ardhini na kuyapokea kutoka kwenye hewa ya bahari, na maji hayo yana chumvi. Lipu ya chokaa ina matundu madogo madogo, kwa hiyo unyevu unatoka, chumvi inabaki juu kama unga, na mwenye nyumba anaifagia na kupaka chokaa upya mwaka unaofuata. Ile desturi ya kupaka nyumba chokaa kila mara ilikuwa matengenezo, si mapambo peke yake. Ukija na lipu ya saruji, ngumu na iliyoziba, unyevu unakosa njia. Unapanda juu zaidi, unafika kwenye ncha za boriti zilizozikwa ukutani, nazo zinaoza mahali pasipoonekana. Chumvi nayo inakauka ikiwa nyuma ya saruji. Chembe zake zinakua, zinasukuma, na siku moja bamba zima linadondoka likiwa limeng'ata uso wa ukuta.

Angalia kilichofanyika hapo. Chumvi kuganda na kuyeyuka ni mabadiliko ya kiumbo, yale mepesi, yale ambayo daftari lilisema hayazai kitu kipya. Ndiyo yanayoangusha kile ambacho moto na hewa vilijenga.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilitaifishwa na kugawiwa kwa wapangaji wasio na uwezo wa kuzitunza, na palipovuja pakazibwa kwa kilichopo, na kilichopo kilikuwa saruji. Siwezi kumlaumu mtu anayeziba paa juu ya watoto wake kwa mfuko mmoja wa saruji. Unakomaa kwa siku chache; chokaa inataka miezi. Lakini nyumba hizi zinadai. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, iliporomoka likiwa katika ukarabati, na watu wawili wakafa. Sehemu yake nyingine ilikuwa imeshaanguka mwaka 2012. Jumba lile lilikuwa na magonjwa mengi, na sitaki kuyabebesha yote saruji. Nimelitaja kwa sababu tunapenda kuzungumza juu ya magofu kana kwamba ni habari za waliokwisha kufa. Chini ya kuta hizi watu wanapika, wanalala, wanafanya kazi.

Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziliwekwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini mwaka 2004, na zikaondolewa mwaka 2014 baada ya kazi ndefu ya kuziimarisha kuta. Kwa hiyo inawezekana. Ila kuna mahali ambapo siwezi kuwa mwepesi wa maneno. Ili kutengeneza ukuta wa chokaa unahitaji chokaa, na chokaa kwa njia ya zamani ni mawe ya matumbawe na miti mingi. Tumbawe hai tunalihitaji litulie baharini, samaki wazaliane. Mikoko tunaihitaji isimame. Hewa iliyotoka kwenye jiwe ukuta utairudisha. Iliyotoka kwenye kuni haina ukuta wa kuipokea. Kuna mwamba wa nchi kavu, kuna matanuu yanayotumia kuni kidogo, kuna minazi iliyokwisha kuzaa. Hizo ni njia, na kila moja ina gharama yake, na anayelipa mara nyingi ni mwanakijiji mwenye shoka, siyo sisi tunaoandika insha.

Wahifadhi wana jaribio moja ambalo nililipenda tangu nilipolisoma. Unavunja kipande cha chokaa ya ukutani na kunyunyizia matone ya fenolifthalini, kimiminika kisicho na rangi. Palipokwisha kuwa jiwe hapabadiliki, panabaki peupe. Pale ambapo chokaa bado ni chokaa panageuka waridi kali. Kwa kawaida ukingo wa nje unabaki mweupe na moyo unawaka waridi, kwa sababu hewa inaingia kwa mwendo wake, milimita chache, kisha chache zaidi, na kadiri jiwe jipya linavyofunga matundu ndivyo mwendo unavyopungua. Katika ukuta mnene sana kazi hiyo huchukua vizazi, na katikati kabisa chokaa inaweza kukaa karne nyingi ikiwa bado laini kidogo, bado kali, ikingoja kilo zake 44.